Kufungua majabali ya kupanda kwenye Lost Coast, California: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekulia Pangani, ambako mtoto hata kabla hajajua kusoma anajua kama leo ni bamvua au maji mafu. Sasa naishi kaskazini mwa California, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitafuta, nikisafisha na kupanda majabali kwenye kipande cha pwani kinachoitwa Lost Coast. Kila nikimwonyesha mtu picha, awe Tanga, Mombasa, Muscat au Minneapolis, naulizwa yale yale. Nimeona niyajibu mahali pamoja, kwa urefu pale panapostahili.

Kupanda majabali ni mchezo gani?

Ni kupanda jiwe kubwa bila kamba, mara nyingi la mita 3 hadi 5, ukiwa na viatu vya mpira vinavyobana, unga mweupe wa kukausha viganja, na godoro nene la kuangukia. Unga huo ni magnesiamu kaboneti. Mmarekani John Gill, mwanajimnastiki aliyekuja kuwa profesa wa hisabati, ndiye aliyeuingiza kwenye upandaji katika miaka ya 1950. Njia moja inaweza kuwa na miondoko minne tu na bado ikakusumbua msimu mzima.

Lost Coast iko wapi, na nani aliipoteza?

Barabara ya Highway 1 inafuata ukingo wa bahari ya Pasifiki kwa mamia ya kilomita, lakini ikifika kaskazini mwa kijiji cha Rockport inaiacha pwani na kukatiza bara hadi Leggett. Sababu ni milima ya King Range. Kilele chake, King Peak, kina mita 1,246, na kutoka hapo hadi majini ni kama kilomita 5 tu. Wajenzi wa barabara waliutazama mteremko huo wakaamua kupita kwingine. Kwa hiyo pwani haikupotea yenyewe. Barabara ndiyo iliyoikwepa.

Bunge la Marekani liliitangaza King Range kuwa eneo la hifadhi mwaka 1970, na inasimamiwa na Bureau of Land Management, idara ya ardhi ya serikali kuu. Mwaka 2006 sehemu kubwa yake ilipewa ulinzi mkali zaidi wa nyika. Njia ya miguu ya ufukweni, kutoka mlango wa mto Mattole hadi Black Sands Beach karibu na Shelter Cove, ni kama kilomita 40 za mchanga, kokoto na mawe ya mviringo yanayoteguka chini ya mguu. Hakuna barabara ya gari katikati. Hakuna duka. Simu haishiki karibu njia nzima.

Wengi huitembea kutoka kaskazini kwenda kusini ili upepo uwe mgongoni. Mwenye godoro la kuangukia begani afuate mfano huo bila ubishi, maana godoro likikutana na upepo wa mbele linageuka tanga.

Mimi ni mtu wa pwani. Nikijua maji ya kwetu, si nitayajua na ya huko?

Hapana. Hili ndilo swali ninalotaka ulisome mara mbili, kwa sababu mimi mwenyewe nililijibu "ndiyo" na nusura nijutie.

Kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kupwa huko kuwili kunakaribiana. Siku za bamvua bahari inashuka zaidi ya mita 3, na kupwa kabisa kunaangukia kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mtu anajipangia siku yake bila kutazama karatasi. California ya kaskazini pia ina kujaa kuwili na kupwa kuwili, lakini hakulingani hata kidogo. Kupwa kumoja kunaweza kuacha mwamba mtupu, na kule kwa pili kukaishia njiani. Ukikosea ukachukua saa ya kupwa kudogo ukadhani ndiyo yenyewe, utakuta jabali lako limesimama majini. Tena saa zinahama kwa misimu: wakati wa joto maji hukauka zaidi alfajiri, wakati wa baridi hukauka alasiri au jioni, na jua la Desemba halikungoji. Kumbuka pia kwamba majedwali yao yameandikwa kwa futi.

Lakini tofauti kubwa haimo kwenye jedwali. Sisi tuna mwamba wa matumbawe mbele ya fukwe zetu unaovunja mawimbi kabla hayajatufikia, na nyuma yake maji yanapanda taratibu kama uji kwenye sufuria. Lost Coast haina ukuta huo. Wimbi lililozaliwa na dhoruba huko mbali katika Pasifiki linakuja moja kwa moja hadi miguuni pako. Ndiyo maana jedwali likisema maji makavu, bahari bado inaweza kupandisha wimbi moja kubwa juu kabisa ya ufukwe baada ya dakika ishirini za utulivu. Mawimbi haya ya ghafla huua watu kwenye pwani ya kaskazini mwa California.

Safari yangu ya kwanza nilipiga hesabu ya Pangani. Niliona maji yanakupwa, nikatandika magodoro mawili chini ya jabali, nikaanza kupiga brashi. Wimbi lilikuja bila kelele, likanifika kiunoni, likachukua godoro moja na kiatu kimoja. Maji yale ni ya baridi, nyuzi 10 hadi 13 hivi, na pumzi inakatika papo hapo. Mwenzangu alinishika mkanda. Tangu siku hiyo nasoma vitu vitatu kabla ya kutoka nyumbani: saa ya kupwa, kimo cha mawimbi kwenye maboya ya taifa ya hali ya hewa, na sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi. Hizo sekunde ndizo zenye siri. Wimbi la mita 2 lenye sekunde 16 lina nguvu nyingi kuliko la mita 2 lenye sekunde 8, na linapanda ufukwe mbali zaidi. Sekunde zikipita 14 na kimo kikipita mita 2, siendi kwenye majabali ya chini. Hiyo ni kanuni yangu mwenyewe. Weka yako, ila iwe kali kuliko unavyodhani inahitajika.

Na ujue kuna vipande viwili vya njia, kila kimoja cha kama kilomita 6, ambapo maji yakijaa bahari inagusa ukuta wa mlima na huna pa kusimama: kimoja kati ya Sea Lion Gulch na Randall Creek, kingine kusini mwa Big Flat hadi Gitchell Creek. Usianze kuchunguza majabali humo wakati maji yameshageuka.

Jabali zuri nalitambuaje?

Mawe mengi ya King Range hayafai. Milima hii iko karibu na mahali ambapo mabamba matatu ya ganda la dunia yanakutana, na imekuwa ikibanwa na kuinuliwa kwa kasi kubwa, katika baadhi ya sehemu hadi milimita 4 kwa mwaka. Mwamba wake ni jiwe la mchanga gumu la kijivu liitwalo greiwake, likipishana na tabaka za tope lililogeuka jiwe. Umepondwapondwa. Unatazama jabali la ukubwa wa nyumba, unavutiwa, unavuta kishikio cha kwanza, na kinabaki mkononi.

Mazuri huwa yameshapita mtihani. Nayatafuta kwenye midomo ya vijito, ambako mafuriko yameyabingirisha kutoka mlimani na kilicho dhaifu kimeshavunjika njiani. Greiwake iliyosalia hapo ni ngumu, laini mkononi, wakati mwingine ina mishipa myeupe ya kwazi inayotoa vishikio vyembamba vya vidole. Gonga kwa ngumi: jiwe zima linajibu kwa sauti kavu na fupi, lililopasuka linajibu kama debe tupu. Gonga kila kishikio, si kimoja.

Jiwe likiwa limelowa, subiri. Jiwe la mchanga lenye unyevu hupoteza nguvu, na chumvi inayokauka ndani ya vitundu vyake huliguguna polepole kutoka ndani. Baada ya mvua mimi hungoja siku mbili au tatu, hata kama uso unaonekana mkavu.

Kisha kuna mchanga. Mawimbi ya majira ya baridi hufukua ufukwe, na ya kiangazi huurudisha. Jabali nililolipima mita 3 mwezi wa Septemba nililikuta mwezi wa Februari lina karibu mita 5, na chini yake pamejaa mawe makali ambayo sikujua yapo. Kwa hiyo usitangaze kwamba njia ina kimo fulani au pa kuangukia pazuri mpaka umeliona jabali katika misimu yote miwili.

"Kufungua" jabali ni kufanya nini hasa?

Ni kulitoa kwenye hali ya jiwe tu hadi hali ya njia ambayo mtu mwingine anaweza kuipanda kwa usalama wa kiasi. Kwanza unalizunguka na kutafuta pa kushukia. Wageni wengi husahau hili, wanapanda wakafika juu na kukuta upande wa nyuma ni mrefu kuliko wa mbele. Halafu unapanda juu kwa upande rahisi, unafagia changarawe pale mikono itakapomalizia, unashuka na kupiga brashi vishikio, unaondoa kipande kilicholegea ambacho kingemwangukia mwenzako. Brashi iwe ya nailoni au ya manyoya. Ya waya inakwaruza jiwe la mchanga na alama haifutiki.

Kuna watu hubeba mtaimbo na kung'oa kila kinachotikisika, au kuchonga kishikio pale walipokikosa. Kuchonga nakukataa kabisa. Ikiwa njia haipandiki kwa mikono yako, iache; atakuja mwenye mikono yake.

Je, naruhusiwa kusafisha chochote ninachotaka?

La. Hapa sheria kadhaa zinalaliana juu ya jiwe moja, na ni wajibu wako kujua umesimama upande gani wa mstari.

Ndani ya nyika iliyotengwa, sheria ya mwaka 1964 inakataza vyombo vya injini. Mashine za kupuliza majani, ambazo sehemu nyingine hutumika kukausha na kusafisha majabali, huko ni marufuku, na misumeno ya injini kadhalika. Mawe na visiwa vidogo vilivyo majini mbele ya ufukwe vimo kwenye hifadhi ya taifa ya pwani ya California iliyotangazwa mwaka 2000; usiyavukie kutafuta njia. Na tangu Desemba 2012 kuna hifadhi za bahari za jimbo kwenye pwani hii, mojawapo ikiwa ile ya Sea Lion Gulch, ambamo hairuhusiwi kuondoa wala kuharibu kiumbe, jiwe au kitu cha kale chini ya mstari wa maji kujaa. Maana yake kwa mpandaji ni nyepesi: jabali lililovaa kome si lako. Kome wanakwambia bahari hufika hapo kila siku, kwa hiyo hata bila sheria pangekuwa pabaya kwa godoro.

Kuvumwani, ule utando wa kijivu na rangi ya machungwa unaoshika jiwe kavu, hukua kwa kasi ndogo mno. Nasafisha mstari wa njia tu, upana wa viganja, na uso uliobaki nauacha.

Ukilala huko unahitaji kibali, pamoja na chombo kigumu cha chakula kisichofunguliwa na dubu. Dubu weusi wa King Range hushuka hadi ufukweni.

Nikikuta lundo la magamba ya kome chini ya jabali, nifanye nini?

Ondoka na godoro lako.

Pwani hii ni ya Wamattole na Wasinkyone, walioishi hapa maelfu ya miaka kabla haijaitwa "iliyopotea". Malundo ya magamba yenye udongo mweusi ni mabaki ya milo yao na makazi yao, na mara nyingi yapo penye kila kinachompendeza mpandaji: mdomo wa kijito, mahali palipokingwa upepo, jabali kubwa la kuegemea. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1979 inalinda mabaki hayo, lakini mimi sihitaji sheria kuelewa. Nimetoka pwani yenye magofu, Kilwa, Gedi, Kaole, na ninajua moyo unavyouma mtu akikaa juu ya kaburi kula embe.

Watu wenyewe hawajaondoka. Baraza la makabila liitwalo InterTribal Sinkyone Wilderness Council lilianzishwa mwaka 1986 na linaunganisha makabila kumi. Mwaka 2022 lilikabidhiwa ekari 523 za msitu wa miti ya redwood kusini mwa hapa, na sehemu hiyo ikarudishiwa jina lake, Tc'ih-Léh-Dûñ. Msimu mmoja tuligundua jabali lililokuwa, kwa macho yangu, bora kuliko yote niliyoyaona kwenye pwani hiyo, lenye uso ulioinama na mshipa wa kwazi ukilikata mshazari. Magamba yalikuwa chini yake. Hatukuligusa, hatukulipiga picha, na hatujalirudia.

Wanyama je?

Karibu na mnara wa taa wa Punta Gorda, uliowaka kuanzia 1912 hadi 1951, hulala sili tembo. Dume lake ni tani kadhaa, na ufukweni anakimbia kuliko unavyotarajia. Kaa mita 50 mbali, na ikiwa jabali lako liko ndani ya mita hizo, leo si siku yake. Majira ya kuchipua kuna ndege wadogo wanaotaga kwenye mchanga mtupu na ndege weusi wenye mdomo mwekundu wanaotaga juu ya mawe; ndege akikuzunguka akipiga kelele bila kukoma, umekanyaga karibu na kiota chake. Kwenye nyasi za juu kuna kupe, nyoka wa kengele, na kichaka chenye majani matatu matatu kinachowasha ngozi kwa wiki mbili.

Magodoro mangapi yanatosha?

Kwangu manne kwa watu watatu, kwa sababu pa kuangukia ni mawe ya mviringo yenye mianya. Ziba mianya kwanza kwa mabegi, halafu tandika. Mwenzako anayekulinda chini kazi yake si kukudaka, ni kukuelekeza mgongo na kichwa viangukie godoroni. Mmoja kati yetu daima anatazama bahari, na huyo hafanyi kazi nyingine.

Nikivunjika mguu, nani atakuja?

Kwa saa nyingi, hakuna. Beba kifaa cha ujumbe wa setilaiti, na mwachie mtu nyumbani saa ya mwisho ya kukungoja. Kutoka Shelter Cove hadi hospitali ya Garberville ni mwendo wa karibu saa nzima kwa barabara ya milima, na huenda uko kilomita 15 za mchanga kabla ya kuifikia Shelter Cove yenyewe. Ndiyo sababu huko napanda daraja mbili za ugumu chini ya uwezo wangu, na sikwei cha juu nisichoweza kukishuka.

Na matetemeko?

Tarehe 25 Aprili 1992 tetemeko la ukubwa wa 7.2 lilitikisa Cape Mendocino na kuinua kipande cha pwani hadi mita 1.4. Kome na mwani vilivyokuwa majini asubuhi vilikufa juani. Baadhi ya miamba unayoiona imekauka leo ilikuwa chini ya bahari wakati mimi nimeshazaliwa, na kila nikiitia mkono nalikumbuka hilo. Desemba 5, 2024 lilipiga jingine la 7.0 baharini, likaleta tahadhari ya tsunami iliyofutwa baadaye.

Ukisikia ardhi inatikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, acha godoro, acha viatu, panda juu. Usingoje ujumbe kwenye simu, hapo haufiki. Kabla ya kutandika chochote, tafuta kwa macho mteremko utakaoukimbilia.

Msimu gani ni mzuri?

Septemba na Oktoba. Kiangazi upepo wa kaskazini-magharibi na ukungu vinachosha, na majira ya baridi mvua ni nyingi ajabu. Katika milima hii zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka si jambo geni.

Njia hupewaje daraja na jina?

Marekani hutumia kipimo cha herufi V, kilichotoka Hueco Tanks, Texas, na kupewa jina kutokana na "Vermin", lakabu ya mpandaji John Sherman. Anayepanda kwanza anapendekeza, wanaofuata wanasahihisha. Kwenye pwani hii mimi sipendi kuandika daraja, kwa sababu mchanga ukishuka mita moja njia inaongezewa mwanzo mpya. Majina tunayotumia ni ya kuitana wenyewe kwa wenyewe. Jabali moja tunaliita Bamvua, maana kitako chake hukauka siku hizo tu.

Mbona hutaji mahali penyewe?

Kwa sababu ufukwe ule hauna choo, hauna njia ya pili, na kijito kimoja kinanywesha kila apitaye. Wapandaji ishirini kwa wiki wangepaharibu. Anayetaka kuzoea jiwe la bahari aanze kaskazini zaidi, Moonstone Beach karibu na mji wa Trinidad, ambako upandaji ni wa siku nyingi na gari linafika. Akishajua kusoma mawimbi pale, aniandikie, nitakwenda naye mwenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki, tuna pwani ya hivyo?

Ukingo wetu wa bahari ni wa matumbawe ya kale: una ncha kama wembe, una mashimo, na hukatika. Wavuvi huupita wakiwa na viatu, sembuse kuuning'inia kwa vidole. Lakini nenda Mwanza. Ziwa Victoria limezungukwa na majabali ya matale yaliyopangana hadi majini, magumu, yenye uso unaoshika kiatu, na watoto wa pale huyakwea kwenda kuogelea. Kenya wana Lukenya, nje ya Nairobi, ambako wapandaji wa klabu ya milima wamekuwa wakienda kwa miongo mingi. Mwanza ukifika, anza kwa kuwauliza wavuvi na wazee wa mtaa ni mawe yapi yana matambiko na yapi ni ya kuchezea.